MILIMA ILIYOPITA MUTHURWA

(Yaliyosomwa redioni wiki iliyopita)

Juzi nilikwenda soko la Muthurwa kununua viazi. Mama aliyenipimia aliniuliza kama mimi ni mgeni pale, maana nilikuwa nikitazama huku na huku kama mtu aliyeangusha pesa. Nikamwambia sikuwa mgeni. Nikamwambia kwamba hapo alipopanga magunia yake ndipo tulipokuwa tukicheza mpira wa matambara, na goli moja lilikuwa upande wa reli. Akageuka kutazama upande wa reli. Hakuona ila paa za vibanda, matatu zilizobanana na watu wenye mikokoteni. Akacheka, akaniongezea kiazi kimoja, nadhani kwa kunihurumia.

Basi leo nimeona tuzungumze juu ya Muthurwa na reli yake, na hasa juu ya mchezo mmoja wa watoto wa reli ambao wengi wenu hamjapata kuusikia. Ulikuwa mchezo wa kuhesabu injini. Halafu nitaeleza kwa nini mtaa ule umekuwa katika mashaka kwa miaka mingi hivi, maana mambo hayo mawili yameshikana kuliko watu wanavyodhani.

Kila mtoto wa shule anajua kwamba Nairobi ni mji uliozaliwa na reli. Njia kutoka Mombasa ilifika hapa Mei 1899, na kabla ya hapo palikuwa tambarare ya majani na maji baridi, mahali Wamaasai waliponyweshea ng'ombe. Kisichosemwa sana ni kwamba reli haikuleta gari la moshi peke yake. Ilileta watu wa kuliendesha, kulisafisha, kulitengeneza na kubeba mizigo yake, na watu hao walihitaji mahali pa kulala. Wakubwa Wazungu wakajengewa kilimani, penye hewa. Wahindi wakapata nyumba zao upande wa Ngara. Waafrika wakawekwa bondeni, kando ya njia yenyewe, katika zile safu za vyumba tulizoziita landi. Muthurwa ni landi. Jina la Barabara ya Landhies, ambayo mnapita kila siku mkielekea Jogoo Road, limetoka huko.

Chumba cha landi kilikuwa kimoja. Baba, mama na watoto, pazia katikati, jiko mlangoni. Mfereji ulikuwa nje na choo kilikuwa nje, na vyote viwili vilikuwa vya safu nzima. Kodi ilikatwa katika mshahara kabla mshahara haujafika mkononi. Na sheria ilikuwa moja, ambayo naomba uishike kichwani kwa sababu nitairudia: nyumba ilikwenda na kazi. Siku ya kustaafu mtu alirudisha kofia, taa na ufunguo.

Baba yangu alikuwa mtu wa yadi. Kazi yake ilikuwa kubadili njia, yaani kuvuta ule mkono wa chuma unaoamua kama behewa litakwenda kushoto au kulia. Si kazi ya sifa. Lakini kwetu watoto ilikuwa na faida moja, kwamba alijua ni injini gani ingepita na saa ngapi, na akiwa na moyo mzuri alitudokezea.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mmoja alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Humo tuliandika namba za injini tulizoziona. Kusikia hakukubaliwa. Kuambiwa na baba hakukubaliwa. Ilikuwa lazima uione namba kwa macho yako, na awepo mwenzio wa kushuhudia, ndipo uandike. Mwenye namba nyingi ndiye aliyeogopwa. Wasichana walicheza pia, na mmoja wa safu ya tatu alitushinda sote kwa sababu mama yake aliuza chai na mandazi karibu na lango la shedi.

Baadaye sana nilipata kujua kwamba Uingereza kuna watu wazima, wenye mishahara na miwani, wanaosimama stesheni siku nzima wakifanya jambo hilo hilo. Huko hata vitabu vya namba huchapishwa. Cha kwanza cha Ian Allan kilitoka 1942, wakati wa vita. Sisi hatukuwa na kitabu. Orodha yetu tuliitunga wenyewe pale kwenye ua wa waya, na tulidhani sisi ndio wa kwanza duniani.

Injini iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa ya daraja la 59. Hizi zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock, zikaletwa mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kuanzia namba 5901 hadi 5934. Uzito wa kila moja ulikuwa tani 252. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee. Hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hiyo katika reli yoyote ya upana wa mita moja ulimwenguni kote, na ilikuwa ikipita mita chache kutoka kamba yetu ya kuanikia nguo. Mama zetu hawakuifurahia hata kidogo.

Nieleze kidogo ilivyofanya kazi, kwa maana wengi wanaoiona leo katika jumba la makumbusho hudhani ni injini mbili zilizogongana. Injini ya mvuke ya kawaida ina boila iliyokalia magurudumu. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza boila, na ukiongeza boila unaongeza uzito. Sasa reli yetu ya zamani ni nyembamba, chuma chake ni chepesi, na kutoka Mombasa inapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 hapa Nairobi, kwa kona nyingi. Ukiweka uzito mkubwa mahali pamoja, chuma kitapinda. Ukiifanya injini ndefu isiyokunjika, haitapita kwenye kona.

Mwingereza mmoja aliyeitwa Herbert William Garratt alipata dawa ya jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Aliiondoa boila juu ya magurudumu, akaitundika katikati kama mtu anayebebwa kwenye machela. Wachukuzi wa machela hiyo ni mafungu mawili ya magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja na pistoni zake, na moja kwa moja juu yao kuna tangi za maji na mafuta. Uzito unagawanyika juu ya magurudumu mengi. Daraja la 59 lilikuwa na 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yaliyosukuma. Kwenye kona mafungu hayo hugeuka kila moja peke yake, na boila inafuata. Tena, kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, inaweza kuwa nene na fupi, na boila nene huchemsha vizuri.

Kutokana na umbo hilo ilizaliwa sauti ambayo sijaisikia kwa kitu kingine chochote. Mafungu mawili ya pistoni hayakufungwa pamoja, kwa hiyo mapigo yao yalikuwa mara yakienda sawa, mara yakipishana, kama wapiga ngoma wawili ambao mmoja anamchokoza mwenziwe. Usiku, nikiwa nimelala chini ya meza na ndugu zangu, nilijua kama iliyokuwa ikija ni 59 au ni nyingine kabla taa yake haijafika dirishani. Lakini, kama nilivyosema, kusikia hakukuandikwa.

Na sasa nifike kwenye majina. Kila injini ya daraja la 59 ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, limeandikwa kwenye kibao ubavuni. Kulikuwa na Kilimanjaro, Meru, Longonot, Hanang, Elgon, Rungwe. Menengai nayo ilikuwamo. Hivyo ndivyo tulivyojifunza jiografia. Mwalimu wetu alipouliza darasani milima mitano ya Afrika Mashariki, watoto wa landi tulimtajia kumi na tano, mingine hata yeye hakuijua, akatuadhibu kwa kudhani tunaitunga.

Tulijua majina lakini hatukujua mahali. Mwaka 1973 Mzungu mmoja alikuja na kamera na daftari, akasimama uani kwetu mchana kutwa. Tulipomwonyesha madaftari yetu alipiga magoti pale pale kwenye vumbi akaanza kunakili. Alitueleza Manchester iko wapi, na kwamba kiwanda kile kilikuwa kimekwisha fungwa, mwaka 1966. Hilo lilitushangaza sana, kwamba injini zilikuwa hai na mama yao amekufa. Naye akatuuliza, Shengena ni wapi? Maana siku ile ilikuwa imepita 5930, na ubavuni imeandikwa Mount Shengena. Hatukuweza kumjibu. Mmoja akasema ni Uganda, ili tusionekane wajinga.

Si Uganda. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini nilipopanda basi la kwenda Dar es Salaam, na tulipofika Same abiria jirani yangu, Mpare, akaniashiria milima iliyokuwa kwenye mawingu akasema kule juu kabisa ndiko Shengena. Nilitaka kumwambia kwamba naifahamu, nimeiona ikipita Muthurwa mara sita ikivuta mabehewa ya mizigo. Sikusema, kwa sababu ningeonekana mwendawazimu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Reli iliyokuwa moja ikawa tatu, na Shirika la Reli la Kenya likaanza 1978. Injini ziligawanywa kwa mahali zilipokuwa, si kwa majina yake, na daraja la 59 lilikuwa la njia ya Mombasa. Basi milima ya Tanzania na ya Uganda ikabaki Kenya, kwenye njia ya upande, ikingoja kukatwakatwa. Dizeli zilikuwa zimekwisha ingia tangu miaka ya 1960, na zilikuwa nafuu kuzitunza. Kufika 1980 injini zote za daraja la 59 zilikuwa zimeondolewa kazini. Dizeli nilizoziona mimi zilikuwa na namba bila majina. Wadogo zetu walijaribu kuendeleza mchezo wetu nazo, lakini walichoka upesi.

Kati ya zile 34 zimebaki mbili tu, na zote mbili ziko Nairobi katika jumba la makumbusho la reli, jumba lililofunguliwa 1971. Moja ni 5918, Mount Gelai, na nyingine ni hiyo hiyo 5930, Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Yaani mlima Kenya haukubaki, Longonot haukubaki, Menengai haikubaki. Waliobaki kwetu ni wageni wawili kutoka Tanzania.

Nimeeleza habari za injini kwa urefu kwa sababu nazipenda, sitaficha. Lakini nilisema zimeshikana na habari za nyumba.

Unakumbuka ile sheria kwamba nyumba ilikwenda na kazi? Iliwezekana kuishi nayo wakati kazi ilikuwepo. Baba alistaafu, akarudisha ufunguo, akaenda mashambani. Lakini kaka yangu alikuwa amekwisha ajiriwa karakana, kwa hiyo akapata chumba safu ya pili. Mtoto wa jirani vivyo hivyo. Familia zilihama chumba lakini hazikuhama mtaa. Halafu kazi zikaanza kupungua. Injini ya mvuke ilihitaji mtu wa kuosha boila, mtu wa maji, mtu wa mafuta, na kwenye safari ndefu ya Mombasa vikosi viwili vya madereva waliopokezana, kimoja kikiendesha na kimoja kimelala kwenye behewa la nyuma. Dizeli haikuhitaji hata nusu ya watu hao. Mizigo nayo ikahamia barabarani. Vyumba vya landi vikapata wapangaji ambao hawakuwa wa reli, wachuuzi, mafundi, makanga, na wengine walikuwa watoto na wajukuu wa watu wa reli ambao wenyewe hawakupata kuajiriwa na reli hata siku moja.

Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni binafsi. Kabla ya hapo palikuwa na swali moja gumu: wazee waliostaafu watalipwa na nani? Jibu lililopatikana ni kuanzisha mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli na kuupa ardhi na nyumba ambazo reli haikuzihitaji tena. Muthurwa ilikuwa miongoni mwake. Mfuko hauwezi kumlipa mzee kwa matofali ya landi. Lazima ardhi iuzwe au ijengwe kitu cha kuleta fedha, na ardhi ile, mwendo wa dakika chache kutoka katikati ya jiji, si ya bei ndogo.

Umeona jambo lilivyojifunga? Mzee aliyeosha boila ya Shengena anangojea pensheni yake. Pensheni hiyo iko chini ya sakafu ya chumba anachoishi mjukuu wake. Akilipwa, mjukuu anahama. Mjukuu akibaki, babu anakaa bila kulipwa. Nimesikia watu wakilieleza suala la Muthurwa kama vita vya matajiri na maskini. Huenda kuna hayo. Lakini mimi niliyekulia pale naona jamaa moja iliyoambiwa ijigawanye.

Mwaka 2010 wapangaji walipewa notisi ya kuhama, na ubomoaji ukaanza. Baadhi yao walikwenda Mahakama Kuu. Mwezi Agosti mwaka huo huo nchi ilipata Katiba mpya, ambayo kifungu cha 43 kinataja haki ya kila mtu kuwa na makao ya kufaa. Kesi ilikwenda miaka mitatu. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu kwamba haki za wapangaji zilikuwa zimekiukwa kwa jinsi walivyotolewa, akaagiza pande mbili zikae pamoja zipange utaratibu wa kuhama, na akaitaka serikali ieleze ina sera na sheria gani juu ya kuhamisha watu. Tafadhali sikia vizuri: mahakama haikusema nyumba ni za wapangaji. Ilisema mtu hatolewi kama takataka. Wanasheria bado wanaitaja hukumu hiyo, na kwa haki.

Mimi si mwanasheria, na sina dawa ya babu na mjukuu. Nina neno moja tu, ambalo naona halikupata nafasi katika mvutano wote ule. Katika hesabu za ardhi, Muthurwa ni ekari. Katika hesabu za kodi, ni vyumba. Hakuna hesabu inayoonyesha ni nani aliishi safu gani na alifanya kazi gani kwenye reli, miaka mingapi. Mzungu wa 1973 aliondoka na namba zetu, na huenda ziko kwenye kabati huko kwao, zimepangwa vizuri. Sisi tulionyeshwa mlango wa makumbusho tukaambiwa historia ya reli imo humo. Imo, sikatai. Injini imo. Jina la aliyeiosha halimo.

Mwaka 2017, mwisho wa mwezi Mei, reli mpya ya upana mkubwa ilizinduliwa kutoka Mombasa, na gari lake la abiria likaishia Syokimau badala ya kuingia mjini. Gari la zamani la usiku, lile lililoondoka stesheni ya Nairobi saa moja jioni kwa miaka mingi, likasimamishwa mwaka huo huo. Njia nyembamba ingali inapita kando ya Muthurwa, na wenye kwenda vitongojini huipanda asubuhi na jioni. Nilisimama pale baada ya kununua viazi, nikangoja hadi moja ikapita. Kijana mmoja mwenye mkokoteni aliniuliza nangoja nani. Nikamwambia nangoja namba. Alidhani ni mambo ya kamari, akataka kujua ni namba gani ili naye aicheze.

Daftari langu ninalo hadi leo. Jalada limeondoka, jedwali la kuzidisha limeliwa na mende hadi saba mara saba, lakini namba zinasomeka. Katika daraja la 59 nina 29. Tano sikuziona: 5908, 5912, 5921, 5926 na 5933. Yule msichana wa safu ya tatu alikuwa nazo zote 34, au alisema anazo, na hatukuweza kumbishia kwa sababu shahidi wake alikuwa mama yake. Kama bado yu hai na ananisikia, au kama mmoja wenu alikaa landi miaka hiyo na ana daftari, au ana baba aliyefanya kazi shedi na anakumbuka wenzake wa safu moja kwa majina, naomba aniandikie kwa anwani ya idhaa hii. Aanze na majina ya watu. Namba zinaweza kufuata.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, wiki ijayo saa ile ile.